Umekuwa Fundi Lini?

Jibondo, 9 Mfungo Sita 1329 (Wadachi wa boma la Chole wanauita Machi 1911)

Kwa kaka yangu Abeid bin Shaabani, Kilwa Kivinje.

Shikamoo kaka. Mdogo wako Mfaume ni mzima, na nyumbani Baleni nimewaacha wazima. Mihogo imekomaa na minazi ya marehemu baba imeangusha vizuri. Mke wangu Biubwa anakuamkia. Kila akipika wali huweka ukoko pembeni kwa ajili ya Matano, kwa kuwa mwanetu alikuwa akiugombania tangu hajaota meno. Huutazama kidogo, kisha huwapa kuku. Simkatazi.

Utashangaa kuona barua inatoka Jibondo. Nimekuja kujifunza kazi kwa Fundi Ussi, muunda vyombo. Ndiye aliyeunda mashua yako, ile aliyozama nayo Matano akiwa baharia wako. Uliniandikia mwezi ule wa msiba: "Fundi Ussi aliikalafati vibaya, mianya ikafunguka katikati ya maji. Huyo ndiye aliyemuua mwanao." Maneno hayo nimeyasoma mpaka karatasi imechanika penye kunjo.

Watu watatu walikwenda na hakurudi hata mmoja. Kilichorudi ni kipande cha ubavu wa mashua, mbao mbili zilizoshikana, urefu wa mkono wangu na nusu. Watu wa Bwejuu walikiokota na kutuletea. Kaburi hatuna, kwa hiyo tunacho hicho. Kila Alhamisi Biubwa hukipaka mafuta ya nazi, kama alivyokuwa akimpaka mtoto kichwani.

Sikumwambia Fundi mimi ni baba wa nani, naye hakuniuliza. Nilimwambia nimechoka na jembe. Alinitazama mvi, akasema, "Kaa pale, usokote pamba."

Nataka ujue kilichonileta. Hapa wana desturi yao inayoitwa siku ya maji. Chombo kikishakalafatiwa, yaani mianya yote ya mbao ikishasindiliwa pamba yenye mafuta ya papa, hujazwa maji ya bahari kwa ndani kikiwa bado juu ya magogo. Aliyekikalafati hutandika jamvi na kulala chali chini yake, watu wote wakimtazama. Akidondokewa, wanawake humwimbia, na wimbo huo humfuata mpaka watoto wake. Akitoka mkavu, mwenye chombo humuuliza, "Una neno?" Atakalolisema, mafundi wote hulishika.

Nitajifunza kazi hii mpaka nijue pa kumshikia. Simtakii kifo, kaka. Nataka alowe.

Nisikuache bila cha kucheka. Siku ya kwanza nilinawa mikono kwa maji ya mtungi. Mke wa Fundi, Mwanasiti, akanijia juu: "Wewe mtu wa Baleni, unadhani hapa kuna kisima cha baba yako? Maji haya yamepakiwa chomboni kuja hapa kama wewe, tena yana faida kuliko wewe!" Tangu hapo nanawa baharini.

Mdogo wako,
Mfaume


Kilwa Kivinje, 2 Mfungo Saba 1329

Mdogo wangu Mfaume,

Marahaba. Sisi wazima, ila goti langu linanisumbua. Mke wangu na watoto wanakusalimu. Mvua imekuwa nyingi, barabara ya sokoni ni tope tupu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeamua kiume. Wengi wangelia tu na kusema Mungu ndiye aliyepanga. Huyo mtu anajisifu pwani nzima, na huku Kilwa nimekwisha kuwaambia manahodha wote wamwepuke. Fanya ulilokusudia, wala usisikilize maneno yake, maana mafundi ni waongo kwa tabia.

Nakuletea mto wa kulalia, usufi mtupu wa misufi yangu mwenyewe, nimeuchagua kwa mkono wangu. Usilaze kichwa juu ya gogo kama mtumwa.

Kaka yako,
Abeid


Jibondo, 20 Mfungo Nane 1329

Kaka yangu Abeid,

Shikamoo. Pole kwa goti. Biubwa anasema ulikande kwa maji moto yenye majani ya mkwaju. Mto umefika na ni laini mno. Ahsante. Nilipoupitisha kiwandani Mwanasiti alinizuia: "Huo ukalale nao chumbani. Usufi haukanyagi penye chombo." Sikujua sababu, sasa najua, nitakueleza.

Mwezi na nusu sikugusa nyundo, nilisokota pamba tu. Mwanafunzi mwenzangu Muhidini, mtu wa miaka thelathini mwenye watoto wanne na mdomo wa watu wanne, aliniambia, "Babu, kamba uliyosokota inafika Kilwa. Kesho tukufungie kiunoni tukuvute." Nilimjibu kwamba nikifika Kilwa nitamwoa dada yake wa huko. Hana dada Kilwa, lakini alikaa kimya mpaka adhuhuri.

Kisha Fundi akanifundisha kusikia. Yeye hukaa nje na nyundo ya mti, mimi hukaa ndani ya chombo, sikio juu ya ubao. Anagonga.

"Sema."

"Umekaa."

"Uongo. Sikiliza tena."

Hivyo siku kumi na saba. Pamba ikikaa vizuri, ubao hujibu mkavu, kama mlango wa mwembe ukigongwa. Ikiwa bado, ubao unakohoa. Siku ya kumi na nane niliusikia. Nilisema, "Huu unakohoa," naye akasema, "Haya, tumepata mtu." Kaka, nilicheka. Nilicheka kwa furaha, nikiwa ndani ya chombo cha muuaji wa mwanangu. Nilipotoka nje nilijipiga kofi.

Nikakumbuka kwamba Matano alikuwa na sikio hilo. Hakuwa na miaka saba akigonga madafu kwa kifundo cha kidole na kusema, "Baba, hili bado, hili tayari." Hakukosea. Mimi nilimwambia aache kuchezea chakula.

Juu ya usufi, Fundi alinieleza hivi: "Pamba hunywa maji, ikavimba, ikafunga mwanya. Usufi haunywi, hauvimbi. Ukiugonga unavunjika." Nimeliweka neno hilo. Ikiwa natafuta silaha hapa, silaha yangu nailalia kila usiku.

Jambo moja nikuulize. Juzi tukila, Fundi alisema kama anayejisemea, "Ile mashua ya Abeid wa Kilwa, sijui kama iliwahi kupandishwa pwani baada ya kutoka kwangu." Je, kaka, iliwahi? Mtu yeyote aliigusa? Nataka nimzibe mdomo.

Tena amesikia kwamba Baleni kuna kipande chake, anataka kukiona. Nilisema sijui. Sitampa akaharibu ushahidi.

Mdogo wako,
Mfaume


Kilwa Kivinje, 15 Mfungo Tisa 1329

Mdogo wangu Mfaume,

Marahaba. Goti halijambo. Mtoto wangu wa tatu amehitimu Kurani, tumesoma maulidi, watu walijaa mpaka barazani. Nakuletea kanzu mpya, ya kwako lazima imekwisha kwa mafuta ya papa.

Umekaa huko muda mrefu kuliko nilivyodhani. Usije ukapenda kazi ukasahau damu. Umekwenda kulipiza, hukwenda kusoma. Kama umeijua dawa ya usufi, wangoja nini tena? Na kipande kile usimwonyeshe. Tena ningeona vema mkizike, si vizuri kukaa na kitu kama hicho nyumbani.

Kaka yako,
Abeid


Jibondo, 11 Rajabu 1329

Kaka yangu Abeid,

Shikamoo. Hongera kwa mtoto. Kanzu imenienea, ila mikono mirefu, nikampelekea Biubwa Baleni akaipunguza. Kukizika amekataa. Amesema, "Nimzike mara ngapi?"

Nimekwisha kufanya.

Tuna jahazi la mtu wa Chole juu ya magogo. Juzi Ijumaa, wenzangu walipokwenda msikitini, nilibaki nikisema tumbo linaniuma. Nilipasua mto wako pembeni, nikatoa usufi wa kujaza viganja viwili. Upande wa kushoto, ubao wa tatu kutoka chini, nilifukua pamba ya Fundi, nikasindilia usufi, nikafunika juu kwa pamba na mafuta. Nilisikitika tu kwamba ilikuwa kazi safi.

Siku ya maji ni katikati ya Shaabani. Atalala palepale, maana kila fundi hulala chini ya ubao wa tatu. Nitasimama karibu. Nataka nimwone uso tone la kwanza likimwangukia, na wanawake wakianza. Hatakufa mtu, chombo kitakuwa bado nchi kavu. Ni yeye tu na aibu yake, na nikiulizwa nitasema mimi ni baba wa Matano.

Nilikuuliza kama mashua ilipandishwa pwani. Labda ulisahau. Nakuuliza tena.

Mdogo wako,
Mfaume


Jibondo, 3 Shaabani 1329

Kwa Abeid bin Shaabani,

Leo sikuulizi habari za goti.

Kila asubuhi tunalimwagia jahazi maji ya bahari ubavuni, jua lisipasue mbao. Baada ya wiki mbili nilitaka kuutazama mtego wangu. Nilichokonoa kidogo kwa ncha ya kisu. Usufi ulitoka wa rangi ya kahawia, umekatikakatika kama nywele zilizoungua, ukawa vumbi vidoleni mwangu. Nikasimama. Vumbi hilo nimekwisha kuliona. Biubwa hulipangusa kila Alhamisi akipaka mafuta, akidhani ni mchanga.

Nilipanda chombo siku hiyohiyo nikaenda nyumbani Baleni. Nilimwomba Biubwa ruhusa, nikakiweka kipande magotini, nikapima mwanya kwa kisu. Sehemu ya juu, kisu kilikataa. Pamba ile bado ngumu kama ukucha, baada ya bahari na miezi yote hii. Hiyo ni kazi ya Fundi Ussi. Sehemu ya chini, urefu wa shubiri mbili, kisu kiliingia mpaka mpini. Ndani yake mna usufi.

Jibondo hakuna usufi. Nimefanya kazi hapa miezi mitano, naapa. Wewe unao shamba zima, na umenionyesha ulivyo laini.

Nilirudi nikamwambia Fundi Ussi yote. Nikamwambia mimi ni nani, na nilichomfanyia jahazi lake. Alikuwa akinoa patasi, hakuacha.

"Wewe ni nani nilijua siku uliyokuja. Una pua ya mwanao, alikuja hapa kuichukua mashua. Na ubao wa tatu unakohoa tangu Ijumaa ile."

"Kwa nini hukunifukuza?"

"Nilingoja uutoe mwenyewe. Siku ya maji ingefika hujautoa, ningeutoa mimi na kichwa chako pamoja."

Nikasema, "Ungelowa tu, Fundi. Hakuna ambaye angekufa."

Hapo ndipo alipoitupa patasi. "Nani amekwambia ningelowa? Mjinga wewe! Hata ukiwa vumbi, usufi unashika siku ya kwanza! Mafuta yanaushikilia. Ningetoka mkavu, wangepiga vigelegele, jahazi lingeshushwa, na baada ya wiki watu wa watu wangekuwa chini. Umesoma miezi mitano ukajua nusu. Nusu ndiyo inayoua."

Sijawahi kuona haya kama siku ile. Nimetoa usufi wote. Amenipa ubavu mzima wa kushoto niukalafati peke yangu, kwa hiyo siku ya maji imesogezwa mpaka baada ya Ramadhani.

Nakuuliza kwa mara ya tatu, na barua hii anakuletea nahodha niliyemwambia asiondoke Kivinje bila jibu. Nani aliigusa mashua?

Mfaume, baba wa Matano


Kilwa Kivinje, 25 Ramadhani 1329

Mdogo wangu Mfaume,

Funga ni njema, tunamshukuru Mungu. Nahodha wako amekaa barazani kwangu siku tatu, anafuturu kwangu, ananitazama tu. Basi.

Mashua ilianza kuingiza maji mwezi wa Mfungo Mosi mwaka jana, iligonga mwamba kidogo tu. Mtama ulikuwa umekwisha kupakiwa magunia, watu wa Mafia wanaungoja. Kumwita fundi kutoka Jibondo ni wiki mbili. Pamba nzuri haikuwapo. Niliwaambia wapagazi wangu waifukue pale penye kuvuja na kusindilia usufi, nikasimamia mwenyewe. Tuliijaribu, haikuvuja hata tone. Ungekuwapo ungeona ilivyokuwa kavu. Mimi ni mfanyabiashara, nitajuaje?

Nitakwambia na hili, kwa kuwa mpagazi mmoja hawezi kufunga mdomo, atakwambia siku moja. Matano alikuja kutazama. Aliugonga ubao kwa kidole. Akasema, "Baba mkubwa, hii si pamba. Huu ubao haujakaa." Nikamwambia, "Wewe umekuwa fundi lini?" Wapagazi wakacheka. Akainamisha kichwa, akasema, "Nisamehe, baba mkubwa," akapanda.

Sikumtakia mabaya. Nilimpenda yule kijana. Nilipokuandikia juu ya Fundi Ussi nilikuwa nimechanganyikiwa, na neno likishatoka linakuwa gumu kurudisha.

Sisi ni wa baba mmoja, Mfaume. Yafiche. Nimeagiza mbao za mashua mpya, na jambo hili likisikika hakuna fundi atakayenigusia. Ichome barua hii ukishaisoma. Nakuomba kama kaka.

Abeid


Jibondo, 18 Mfungo Mosi 1329

Kwa Abeid bin Shaabani, Kilwa Kivinje.

Idi imekwisha salama. Biubwa hakupika wali siku ya Idi, amepika mihogo.

Barua yako sikuichoma.

Siku ya maji imefanyika Jumatatu. Ubavu wa kulia ulikuwa wa Fundi Ussi, wa kushoto wangu. Jamvi moja lilitandikwa, Fundi akanionyesha kwa kidevu. "Lala wewe." Nikasema, "Na upande wako?" Akasema, "Upande wangu siulizwi."

Nikalala chini ya ubao wa tatu. Wanawake wote wa Jibondo walikuwapo na ndoo za maji ya bahari, wanapokezana, wanamimina. Mwanasiti alinichungulia: "Mtu wa Baleni, leo utaoga bila kuomba ruhusa ya mtu!" Maji yalipanda, nikayasikia yakizunguka juu ya kifua changu, mbao zikinywa na kutulia. Tone moja lilinipiga shavuni nikafumba macho. Lilikuwa jasho la Muhidini, aliyeinama kunitazama kwa hofu kuliko mimi. "Si la chombo, babu! Ni langu! Jamani ni langu!" Watu wakacheka mpaka akaondoka.

Walingoja mpaka kivuli cha jahazi kilipofika kwenye jiwe lao la kupimia. Nikainuka, Fundi akanipapasa mgongo mbele ya watu wote. Mkavu. Mwenye jahazi akaniuliza, "Una neno?"

Nikatoa barua yako kwenye kanzu uliyonipa. Niliisoma yote, tangu "Funga ni njema" mpaka "nakuomba kama kaka". Sikuongeza neno. Nilipofika pale wapagazi walipocheka, Mwanasiti aliketi chini na ndoo yake tupu.

Kisha nikasema neno langu: mkono wa fundi wa Jibondo usiguse chombo cha Abeid bin Shaabani, kwa nyundo, kwa pamba wala kwa mafuta, na anayetaka kupanda chombo chake aambiwe kwanza habari ya usufi. Wakasema, "Tumelishika." Wa Chole waliokuwapo nao wamelishika. Manahodha watatu wa huko kwenu walikuwa wamesimama pale, walewale uliowaambia wamwepuke Fundi Ussi. Wamefika Kivinje kabla ya barua hii.

Mbao zako mpya utaziunda na nani, sijui. Labda na wapagazi.

Pamoja na barua hii nakurudishia mto wako. Usufi niliotoa kwenye jahazi nimeurudisha ndani, pamoja na vumbi lote nililolikwangua kwenye kipande cha mwanangu. Halikupotea hata chembe. Biubwa ameushona kwa mkono wake, kwa mishono midogomidogo, hautafumuka. Ulisema nisilaze kichwa juu ya gogo. Nawe usilaze. Lalia huo.

Kipande tunacho, na sasa mwanya wake wa chini nimeusindilia pamba. Nikiugonga unajibu.

Lipo jambo moja nilikuwa nikuache nalo bila jibu, lakini mwanangu alilelewa kujibu akiulizwa na wakubwa. Siku ile hakukujibu kwa kuwa alikuheshimu. Nakujibu mimi kwa niaba yake, kwa kuwa sikio lilikuwa lake kabla halijawa langu.

Uliuliza, amekuwa fundi lini.

Tarehe kumi na tano Mfungo Mosi, siku ya Jumatatu, baada ya sala ya alasiri.

Mfaume bin Shaabani,
fundi